Waulize Mafundi: Chuma cha Ndani ya Fremu za PVC

Barua tulizozichagua mwezi huu zimetoka kwa wenye nyumba na kwa mafundi, na zote zinahusu kitu kimoja: chuma kinachoingizwa ndani ya fremu za PVC. Kona nne za dirisha zikishaunganishwa, chuma hicho hakionekani tena, na ndiyo maana anayetaka kupunguza gharama huanzia hapo. Tumejibu kwa vipimo ili uweze kwenda navyo hadi karakana.

SWALI: Ninamalizia nyumba Utawala. Dirisha la sebuleni lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 1.5, na mhimili mmoja katikati. Karakana moja imeniandikia bei ya juu kwa sababu ya chuma cha milimita 2. Nyingine inaniambia profaili yao ina chemba tano, kwa hiyo chuma si lazima. Nimwamini nani?
Mama wa Utawala

JIBU: Mama, chemba tano, yaani vyumba vitupu ndani ya profaili (mti wa PVC unaokatwa kuwa fremu), zitakusaidia kupunguza joto, baridi na kelele za matatu. Kuzuia dirisha lisipinde ni kazi nyingine. Ugumu wa PVC ni megapaskali 2,200 hadi 2,700, ilhali wa chuma ni 210,000. Chukua vipande viwili vyenye umbo moja, kimoja cha PVC na kingine cha chuma, uvibebeshe mzigo sawa: cha PVC kitapinda zaidi ya mara 75 ya kile cha chuma. Hakuna idadi ya chemba inayoweza kuziba pengo hilo.

Tulipigie hesabu dirisha lako. Tuseme upepo unasukuma kwa paskali 800, ambazo ni kama kilo 80 kwa kila mita mraba. Mhimili wako wa kati una urefu wa mita 1.5 na kila upande wake kuna kioo cha upana wa sentimita 90. Tunataka usipinde zaidi ya urefu wake ukigawanywa kwa 300, yaani milimita 5. Hesabu hiyo inadai chuma chenye Ix ya sm⁴ 3.9. Ix ni kipimo cha umbo linavyokataa kupinda, na muuzaji wa profaili anayejiheshimu ana jedwali lake. Boksi la chuma la milimita 35 kwa 28 lenye unene wa milimita 2 lina sm⁴ 4.0, kwa hiyo linapita, tena kwa nafasi ndogo sana. La unene wa 1.5 lina 3.2. La unene wa 1 lina 2.2. Yote mawili hayatoshi. Aliyekuandikia milimita 2 anajua anachofanya.

Boksi hilo hilo la milimita 2 likilazwa vibaya, upande wa milimita 28 ukawa ndio unaofuata mwelekeo wa upepo, kutoka nje kwenda ndani, badala ya ule wa 35, linashuka hadi sm⁴ 2.8. Chuma umelipia, kazi haifanyiki. Mwambie fundi akuonyeshe kipande kikiwa ndani ya profaili: upande mrefu wa boksi utoke nje kwenda ndani ya nyumba.

Urefu nao una bei yake. Dirisha hilo hilo lingekuwa na mhimili wa mita 2.1, hitaji lingeruka kutoka 3.9 hadi takriban 11.5, karibu mara tatu, na boksi la milimita 35 kwa 28 halingefaa hata kwa unene wa milimita 3. Hapo unahitaji profaili kubwa zaidi, au mihimili miwili, au kuligawa dirisha kwa mlalo.

Hatusemi kila kipande lazima kiwe na chuma. Kidirisha cheupe cha choo cha sentimita 60 kwa 60 mara nyingi kinaruhusiwa bila chuma kwenye jedwali la mtengenezaji wa profaili. Milango yote, mihimili ya kati, mbawa kubwa zinazofunguka na fremu zote za rangi ya giza, hizo hatuzijadili: ziwe na chuma.

Namna ya kuhakikisha: sumaku yenye nguvu ukiipitisha juu ya fremu itakuambia kama chuma kipo na kinaishia wapi, lakini haitakuambia unene. Unene upimwe kwa kalipa kabla ya kona kuunganishwa. Kama huna kalipa, omba kipande cha mita moja kiwekwe kwenye mizani. Boksi la 35 kwa 28 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 1.85 kwa mita, la 1.5 ni kilo 1.4, la milimita 1 halifiki hata kilo moja. Na kwenye karatasi ya bei yaandikwe mambo matatu: unene, umbo na urefu wa chuma kwa kila kipande.

SWALI: Mlango wangu wa kuteleza hapa South B ni wa rangi ya kahawia na unatazama magharibi. Asubuhi unaenda vizuri. Ikifika saa tisa alasiri unakwaruza na kitasa hakiingii. Nimeweka sumaku, inashika. Kama chuma kipo, tatizo ni nini?

JIBU: Tatizo linaloelekea zaidi ni kwamba chuma kimeingizwa lakini hakikufungwa kwa skrubu, au skrubu ni chache mno. PVC inarefuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila digrii moja ya joto. Chuma kinarefuka 0.012 tu. Asubuhi ya Julai fremu yako inaweza kuwa na nyuzi 12. Alasiri ya jua kali, uso wa kahawia unaweza kufika 65. Kwa kipande cha fremu cha mita 2.4, PVC iliyoachwa huru inataka kurefuka karibu milimita 9, na chuma milimita 1.5. Tena uso wa nje unachemka huku wa ndani ukiwa baridi, kwa hiyo kipande kinajipinda kuelekea jua. Skrubu ndizo zinazoilazimisha PVC ifuate chuma. Zisipokuwepo, chuma kinakaa ndani kama mpangaji asiyelipa kodi.

Fanya hivi. Mlango utolewe asubuhi ukiwa umepoa na umenyooka, kioo kitolewe, kisha skrubu za milimita 3.9 kwa 16 zenye ncha ya kutoboa zipigwe kutoka upande unaofichwa na kioo hadi zing'ate chuma. Kwa fremu ya rangi ziachane milimita 200 hadi 250. Kisha angalia nafasi kati ya fremu na ukuta: ikiwa plasta imebana PVC moja kwa moja, hakuna mahali pa kurefukia. Inatakiwa nafasi ya milimita 10 hivi kila upande, ijazwe povu na kuzibwa kwa silikoni, wala si simiti.

SWALI: Mimi ni fundi wa madirisha ya chuma Kariobangi na sasa naanza PVC. Nikate chuma urefu gani, na skrubu zikae vipi?

JIBU: Karibu, fundi mwenzetu. Profaili ya PVC hukatwa ikiwa ndefu kuliko kipimo cha mwisho kwa takriban milimita 6, kwa kuwa kila kona huyeyuka kama milimita 3 wakati wa kuunganishwa. Chuma hakiyeyuki, kwa hiyo lazima kiwe kifupi: kiishie milimita 10 hivi kabla ya mkato wa ndani wa kona. Kikizidi, kinagusa sahani ya moto inayoyeyusha kona, kinachana kitambaa chake cha tefloni, na kona inashikana nusu. Kikipungua sana, bawaba ya juu inajikuta imefungwa kwenye plastiki tupu.

Toboa matundu ya kutolea maji kwanza, kisha ingiza chuma. Kiingie kwa mkono kikiwa na nafasi ndogo tu ya kucheza. Ukihitaji nyundo, umechukua saizi isiyo yake, na ukuta wa profaili utavimba. Skrubu ya kwanza ikae milimita 50 hadi 100 kutoka mwisho wa chuma, nyingine zifuate kila milimita 250 hadi 300 kwa fremu nyeupe. Kipande kifupi nacho kipate skrubu tatu. Punguza nguvu ya drili: skrubu ikizunguka bure ndani ya chuma, imekwisha kuharibu meno yake, sogea pembeni upige nyingine. Kwenye chuma cha chini ya milimita 1.5 hilo litakutokea mara kwa mara.

Puliza vumbi la chuma litoke kabla ya kuunganisha. Sahani ya moto iwe na nyuzi 240 hadi 250, na uipime kwa kipimajoto chako mwenyewe, usitegemee namba ya kwenye mashine, hasa umeme ukiwa unapanda na kushuka. Kona iliyounganishwa kwa moto mdogo huvunjika ikiacha mstari safi, kama biskuti.

Kosa tunaloliona sana liko kwenye ubawa, pale panapotobolewa kwa ajili ya mkono wa kufungulia. Ili kukwepa kazi ya kutoboa chuma, fundi anakikata vipande viwili na kuacha pengo mahali pa mkono. Hapo ni karibu na katikati, penye mpindo mkubwa kuliko pote. Chuma kiwe kipande kimoja, tundu likatwe ndani yake.

SWALI: Mlango wa PVC wa mbele, Lang'ata, umeshuka upande wa kitasa na unagusa kizingiti. Fundi anasema hauna chuma na nilipie mlango mpya. Una kioo mara mbili.

JIBU: Usilipe bado, dada. Mlango kama huo kwa kawaida hushuka kwa sababu ya mpangilio mbaya wa vipande vidogo vya plastiki vinavyowekwa kati ya kioo na fremu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Vioo viwili vya milimita 6 vina kilo 30 kwa mita mraba, kwa hiyo mlango wenye mita 1.5 za mraba za kioo unabeba kilo 45. Uzito huo unatakiwa ukalie kipande cha plastiki pembe ya chini upande wa bawaba, kisha kioo kisukume pembe ya juu upande wa kitasa kupitia kipande kingine. Vipande hivyo viwili vilivyokaa kimshazari ndivyo vinavyouinua mlango.

Fundi atoe vipande vya kubania kioo, ainue upande wa kitasa hadi mlango ukae sawa, apange plastiki upya na kurekebisha bawaba. Kisha pitisha sumaku upande wa bawaba kutoka juu hadi chini. Ikishika kote na skrubu za bawaba zikikaza, mlango wako ni mzima. Ikiwa haishiki kabisa, au skrubu zinazunguka bure, basi fundi ana hoja: chuma hakiingizwi tena kona zikishaunganishwa, na ubawa huo ndio wa kubadilisha, fremu ya ukutani inaweza kubaki. Ubawa mpya uagizwe na viungo vya kona vinavyounganishwa pamoja na PVC, kwa kuwa chuma chenyewe hakifiki kona.

SWALI: Mistari ya kutu inatoka kwenye matundu ya maji chini ya dirisha letu Embakasi. Lina miaka miwili tu.

JIBU: Maji yanaingia chemba ya chuma. Maji yanatakiwa yapite kwenye chemba ya mbele na kutoka nje bila kukutana na chuma. Ama aliyetoboa alipitiliza hadi chemba ya pili, ama fremu ilifungwa kwa skrubu zilizopigwa kuelekea chini, na matundu yake yanayapeleka maji ndani moja kwa moja. Ondoa kioo, ziba vichwa vya skrubu za chini kwa silikoni, na safisha matundu ya mbele. Kwa madirisha yajayo, upande wa chini ufungwe kwa vikono vya bati vinavyoshika fremu kutoka nje ya chemba. Pia uliza kuhusu zinki inayofunika chuma: Z275 maana yake gramu 275 za zinki kwa mita mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Ncha zilizokatwa zipakwe rangi ya zinki.

SWALI: Nikikosa chuma, naweza kutumia mbao au mabaki ya alminiamu? Ngong.

JIBU: Alminiamu ina ugumu wa theluthi moja ya chuma, kwa hiyo ungehitaji umbo kubwa zaidi ambalo halitaingia kwenye chemba. Mbao ni kama sehemu moja ya ishirini, na ikipata unyevu inavimba na kuachia skrubu. Jibu ni hapana kwa zote mbili.

SWALI: Grili ya dirisha inaweza kuchomelewa kwenye chuma cha ndani ya fremu? Kasarani.

JIBU: Hapana. PVC itayeyuka na zinki itaungua. Grili ifungwe ukutani upande wa ndani, kwa boliti za kupanuka, mbali na fremu. Kazi yote ya kuchomelea na grainda imalizike kabla madirisha hayajaletwa, kwa sababu cheche za grainda zinajichimbia kwenye kioo na kwenye PVC, kisha kila kitone kinageuka kutu ambayo haitoki kwa kusugua. Kama madirisha tayari yapo, grili ichomelewe uani, iletwe ikiwa imekamilika.