Maswali yenu ya theluji: namba 3 sio katikati

"Kaka, taarifa ya leo ya hatari ya maporomoko ya theluji inasema ngazi ya 3 kati ya 5, si bado tunaweza kwenda mlimani?"

Swali hili linakuja kila Februari na bado watu hawasomi. 3 sio katikati jamani, hatari haipandi kidogo kidogo kama ngazi za nyumba. Huku Uswisi karibu nusu ya wanaokufa kwenye maporomoko wanakufa siku za 3, maana ikiwa 4 watu wanaogopa wanabaki nyumbani, ikiwa 3 wanasema tutakuwa makini, na siku hiyo mtu mmoja tu kwa uzito wake anatosha kuliangusha poromoko, na wengi wanaofunikwa wameliangusha wenyewe au mwenzao. Halafu SLF ya Davos, taasisi ya theluji inayotoa taarifa hiyo, hawakupi namba tu, wanataja pande za mlima na kuanzia mita ngapi. Toleo la saa kumi na moja jioni ndio la kupangia safari, la saa mbili asubuhi unalisoma kabla hujatoka. Usinitumie skrinshoti ya namba peke yake, sitajibu.

"Tukikuta alama za ski za waliopita, mteremko si umeshajaribiwa?"

Hapana. Watano watapita salama, wa sita akakanyaga pale theluji ilipo nyembamba na mteremko wote ukaondoka.

"Mteremko mkali ni kuanzia wapi?"

Digrii 30. Ramani ya swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, inaonyesha kwa rangi, acheni kukisia kwa macho. Na angalia mteremko ulio juu yako pia, unaweza kutembea chini pametulia ukaliamsha poromoko la juu.

"Tulisikia vuuum chini ya miguu theluji ikashuka kidogo, ni kawaida?"

Mlirudi? Maana hiyo ndio dalili kubwa kuliko zote, tabaka dhaifu limevunjika chini yenu. Theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa nyembamba na baridi ikawa kali, mvuke unapanda kutoka ardhini unazigeuza punje kuwa kubwa, kavu, hazishikani. Chimba kwa chepe uchote chini kabisa, ukifinya mkononi inamwagika tu. Upepo ukishabandika theluji ngumu juu yake, uko juu ya ubao usio na gundi. Siku hiyo baki chini ya digrii 30.

"Bikoni gani nzuri?"

Bikoni ni kifaa cha kuvaa kinachotuma mawimbi ili ukifunikwa wenzako wakutafute; yoyote yenye antena 3 inafaa. Lakini bila chepe na fimbo ndefu ya kuchoma ndani ya theluji kumtafuta aliyefunikwa utajua mwenzako yuko wapi na hutamtoa, na dakika 15 zikipita uwezekano wa kumkuta hai unaporomoka, helikopta mara nyingi itakuwa bado njiani. Kila mtu awe na vyake vitatu. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali na bikoni, ukiwa unatafuta 50.

"Desemba napanda Kilimanjaro, nibebe bikoni?"

Acha. Kule ogopa mawe, Januari 2006 yaliua Wamarekani 3 kwenye njia ya Western Breach. Kama lazima upite njia ile, pita alfajiri kabla jua halijalegeza barafu inayoyashika.