Wadogo zangu mnaoanza mifupa, ulizeni kwanza ilikuaje mpaka ukavunjika

Mkipangiwa wodi ya mifupa mtaona wengi wanakuja na ajali za bodaboda, mnazoea haraka, plasta, faili, anayefuata. Ila naomba mzoee kuuliza ilikuaje, na msikubali jibu la "alianguka" tu, ulizeni alianguka toka wapi, na kabla ya hapo palikua panauma au hapaumi.

Mimi nililetewa mtoto wa miaka 9, alikua anarusha jiwe kwenye mwembe, jiwe likatoka na mkono ukavunjika hapo hapo. Mama yake akaniambia dokta huyu hajaanguka wala hajagongwa, na mimi kwa ajili ya foleni nikaandika kaanguka, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Eksirei ilivyorudi mkubwa wangu akaniuliza naona nini, nikasema naona palipovunjika, akasema hapo hata mama yake anapaona, angalia mfupa wenyewe. Kweli bwana, chini kidogo ya bega mfupa umetanuka, ukuta wake mwembamba kama ganda la yai, katikati peusi, na kipande kidogo cha ukuta kimedondoka mpaka chini ya lile jeusi. Kingewezaje kudondoka kama ndani kungekua na mfupa? Ndani ni majimaji, ndo sisti ya kawaida ya mfupa, yaani mfuko wa majimaji ambao sio saratani, inapenda watoto, wa kiume zaidi, na sana sana inakaa sehemu ya juu ya mfupa wa mkono au wa paja.

Mkono kama ule tunaufunga tu shingoni, mfupa unaunga kwa wiki kadhaa kama mwingine, ila sisti yenyewe mara nyingi inabaki kwa iyo anaweza kuvunjika tena. Paja ni habari nyingine, hasa karibu na nyonga, hapo mwite bingwa siku hiyo hiyo. Mtu mzima aliyevunjika kidole kwa kitu kidogo nae mwangalie vizuri, mifupa ya vidole inapenda kuota uvimbe wa gegedu ambao hauna shida mpaka siku kidole kivunjike.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize sana. Saratani ya mfupa nayo inavunja mfupa kwa kitu kidogo, na TB ya mfupa pia. Kama alikua anaumwa usiku kabla ya kuvunjika, kama pamevimba na panaendelea kukua, kama kingo za lile doa kwenye picha hazieleweki, msikubali mtu apitishe chuma cha kuunga mfupa kabla ya kipimo cha nyama, yaani kutoa kipande kidogo cha lile doa kikapimwe, maana chuma kikipita katikati ya saratani kinaisambaza mfupa mzima na mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa. Na hiyo nyama aichukue yule atakayekuja kufanya operesheni kubwa, kovu likikaa vibaya linamharibia kazi.

Alafu maneno. Ukimwambia mzazi "uvimbe kwenye mfupa" anasikia kansa, mama yule alikaa chini sakafuni kabla sijamaliza sentensi. Siku hizi naanza na "sio saratani", pale tu ambapo picha na bingwa wamekubaliana, ndo naeleza mengine. Alivyotulia aliuliza kitu kimoja tu, lini atarudi kucheza, nikamwambia turudie picha kwanza.