Mume wangu alipotoka Bukoba

Rais Samia alipotangaza Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, kule Biharamulo mkoani Kagera, tarehe 20 Januari 2025, simu yangu haikutulia. Msomaji mmoja wa Muheza aliniandikia: "Dada, mchumba wangu anakuja kutoka Kagera. Nimwambie asije?" Bibie, swali hilo mimi nililijibu vibaya mwaka 2023.

Machi 21 mwaka ule, Ummy Mwalimu, wakati huo waziri wa afya na mbunge wetu wa Tanga Mjini, alitangaza kuwa ugonjwa unaoua watu Bukoba ni Marburg. Walikuwa wamekwishafariki watu 5. Siku chache baadaye Ramadhani ikaandama, na mume wangu, utingo wa lori, akashushwa Kange, hapa Tanga, na mkungu wake wa ndizi, katokea hukohuko Bukoba.

Nilikuwa nauza uji wa pilipili manga na kachori pale Makorora. Sufuria langu la lita 20 lilikuwa halifiki adhana. Kesho yake likabaki robo tatu. Kumbe kuna sauti inazunguka kwenye grupu la mtaa: "Uji wa mke wa yule wa Bukoba msinywe." Sauti yenyewe naijua, ya mtu niliyekuwa namkopesha uji huohuo.

Niliumia. Lakini niseme kweli: mimi niliyelalamika kutengwa, ndani nilimtengea mume wangu sahani na kikombe, nikahamia kulala na watoto. Nyuma ya mlango nikachora mistari ya mkaa, nahesabu siku 21 ambazo ugonjwa huo waweza kujificha mwilini. Siku ya tisa akashikwa na homa. Nilisimama mlangoni na khanga puani, hata maji sikumpa. Kaka yake ndiye aliyepiga 199, namba ya bure ya wizara ya afya. Wakamuuliza kama ndugu yake aliuguza mtu au alishika maiti kule. Hakuna. Wakasema apelekwe akapimwe. Ikawa malaria.

Sasa nisikilizeni. Marburg haiji na upepo kama harufu ya samaki pale Deep Sea. Inapita kwenye damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti yake, na asiye na dalili hakuambukizi. Muulize mtu maswali hayohayo mawili. Akisema ndiyo, pigeni 199 kabla ya kukumbatiana. Akisema hapana, mpokee. Na hizo sauti mnazorushiana, ziacheni! Nasema tena, ziacheni. Unabonyeza kidole tu, mwenzio anamwaga sufuria zima.

Juni 2 mwaka ule wa 2023 ikatangazwa kuwa ugonjwa umekwisha: wagonjwa 9, waliofariki 6. Wateja walirudi, na leo nina masufuria mawili na binti wa kunisaidia, alhamdulillahi. Mwenye ile sauti naye huja kununua kachori, nami namfungia. Deni lake la uji liko palepale kwenye daftari.

Mume wangu hajawahi kulitaja lile jambo. Ila mpaka leo akimaliza chai, kikombe chake anakiosha mwenyewe.