"Takriban" haibebi tarakimu saba

SWALI: Nasoma uhandisi wa maji. Nimeigiza kwa kompyuta mwendo wa maji katika mfereji wa umwagiliaji wa Usangu kwa mbinu ya tofauti: naukata mfereji vipande, kisha natumia tofauti ya kipande na jirani yake badala ya mwinamo wenyewe. Nimeandika: "Kasi ni takriban mita 0.7352106 kwa sekunde." Kwa vipande virefu mara mbili nilipata 0.7313842. Je, niseme mbinu hii ina "usahihi wa daraja la pili"? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Usiseme. Abiria wa TAZARA akisikia "daraja la pili" anajua kuna la kwanza lililo bora. Kwenye hesabu zako ni kinyume. Ukipunguza urefu wa kipande kuwa nusu, mbinu ya daraja la kwanza hubakiza nusu ya kosa, ya daraja la pili hubakiza robo, kwa kuwa kosa lake linafuata mraba wa urefu huo. Mraba huo shuleni tuliuita kipeo cha pili. Basi andika "usahihi wa kipeo cha pili".

Sasa tuje kwenye hiyo "takriban" yako, maana imeniuma. Neno ni la Kiarabu, shina moja na karibu na akraba. Anayelitamka anakiri kwamba amefika jirani na jambo, hajaligusa. Nenda Mwanjelwa, simama mbele ya gunia la viazi la lumbesa, lile lenye nundu iliyoshonewa kamba juu, umuulize mama muuzaji lina debe ngapi. Atalitazama, ataibonyeza nundu kwa kiganja, aseme: "Takriban nane." Kiganja hakijui robo ya debe, na neno lake halidai kuijua. Hebu fikiria angesema "takriban debe 7.8413"! Ungeondoka, na ungekuwa na haki. Lakini redioni tunaambiwa "takriban watu 4,317 wamehudhuria", na tunanyamaza. Kama waliwahesabu, "takriban" ya nini? Kama hawakuwahesabu, huyo wa kumi na saba walimwona wapi? Mbaya kuliko zote ni "takriban zaidi ya watu 200": karibu na zaidi! Hiyo siisamehe. Wanaosema "takribani" nimeshawazoea, sigombani nao tena.

Wewe una bahati ambayo mtangazaji hana: kosa lako linakadirika. Majibu yako mawili yanatofautiana kwa 0.0038. Kama kweli mbinu ni ya kipeo cha pili, na vipande vimeshakuwa vifupi vya kutosha, kosa la vipande virefu ni mara nne ya lile la vifupi, na tofauti ya majibu ni mara tatu yake. Basi theluthi ya tofauti hiyo, kama 0.0013, ndilo kosa lililobaki kwenye jibu la vipande vifupi. Tarakimu ya tatu tayari inayumba. Nne za nyuma yake hazina habari yoyote. Na hilo ni kosa la hesabu tu. Tope na majani ya mfereji wenyewe hayamo.

Andika: "Kasi ni takriban mita 0.74 kwa sekunde." Mwalimu akikuuliza zile nyingine zimekwenda wapi, muoneshe hiyo theluthi.