Henza, jarari na demani: kamba gani ni ipi?

Swali: Ninaandika hadithi ya watoto kuhusu jahazi linalotoka Lamu kwenda Unguja. Kila ukurasa nimejaza "kamba": kamba ya tanga, kamba ya mlingoti, kamba ya nanga. Mzee mmoja niliyemsomea alicheka, akaniambia nikajifunze kwanza henza, jarari na demani. Nilipofungua kamusi nikakuta demani ni msimu. Nisaidie, mwalimu.

Jibu: Mzee huyo ana subira. Baharia mwingine angekukatiza palepale kwenye ukurasa wa kwanza, maana kamba huitwa kamba ikiwa bado i dukani. Ikishafungwa chomboni ikapewa kazi, huitwa kwa kazi yake.

Henza na jarari huchanganywa na wengi kwa sababu zote mbili ni za kutweka tanga. Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia kwa mshazari mlingotini. Foromali ni nzito, haiinuliki kwa kamba moja na nguvu za mikono. Basi henza, ambayo ni nene, hufungwa kwenye foromali, ikapanda hadi kichwani mwa mlingoti, ikapita huko juu na kushuka upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Mwisho wake una gofia, kapi la mbao. Jarari ndiyo inayopita katika gofia hiyo na katika kapi jingine lililofungwa chini sitahani, liitwalo abedari. Mabaharia huvuta jarari, jarari ikaivuta henza, henza ikaiinua foromali. Kwa hiyo ukiandika "wakaishika henza wakavuta", mzee wako atacheka tena. Andika: "Wakashika jarari, wakatweka." Na kama umeandika "kupandisha tanga", lifute. Tanga hutwekwa, na likishushwa hutuliwa.

Demani sasa. Kamusi yako haikukosea, ila imekupa nusu. Kuna demani ya msimu, wakati kusi, upepo wa kusini, linapolegea kabla ya kaskazi, upepo wa kaskazini, kuingia. Na kuna demani ya chomboni: kamba ya pembe ya chini ya tanga, upande wa nyuma. Kwa kamba hiyo ndipo tanga hukazwa au hulegezwa kufuata upepo. Pembe ya chini ya mbele ni ya goshi, ambayo wengine huitamka joshi. Ukizijua hizi mbili umepata na pande za chombo: upande wa goshi ni ule upepo unakotoka, upande wa demani ni ule unakokwenda. Mwambie msomaji wako mdogo kwamba abiria mwenye kichefuchefu hukimbilia upande wa demani, atauelewa mara moja na hatausahau.

Kwa maoni yangu maneno haya mawili yametufikia kutoka Kiajemi, ambako *daman* ni upindo wa vazi na *goshe* ni pembe. Tanga nalo ni nguo, na nguo ina upindo na pembe. Waingereza wana mchezo kama huo: kamba hii ya demani wao huiita kwa neno lilelile la shuka ya kitandani. Nimewahi kusoma tafsiri ambamo nahodha, katikati ya dhoruba, anaamuru mabaharia "walegeze shuka". Nilicheka hadi nikapoteza ukurasa.

Kamba ya nanga ni amari. Ile iliyoshonewa kwenye ukingo wa tanga ili lisichanike ni dasi. Katika hadithi ya watoto hutaihitaji dasi, labda tanga lipasuke. Maneno yote haya yamo katika ngeli ya I-ZI: demani imelegea, amari zimekatika.

Usiyamwage yote kwa mara moja, lakini. Mtoto wa Dodoma hajaona foromali. Mpe neno likiwa kazini: nahodha apaze sauti "Legeza demani!", tanga lipumue, chombo kipunguze mwendo. Hapo huhitaji kumfafanulia. Pale ambapo kamba haina kazi yoyote, kwa mfano ile anayoikalia yule mvulana wako usiku akitazama nyota, iache iitwe kamba.