Mbona kereng'ende anagusisha mkia kwa boneti?

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi naosha magari huku Kisumu karibu na ziwa, na nikishamaliza kupiga gari waksi, hasa nyeusi na nyekundu, kereng'ende wanakuja kugusagusa mkia kwa boneti, wanaenda wanarudi. Wenye magari wanaogopa kuumwa, mwingine anasema ni dalili ya mvua. Ukweli ni upi?
– Kijana wa Kisumu

JIBU: Kijana wangu, huyo ni mama na anataga mayai. Kereng'ende hutaga majini, na maji anayatambua kwa mng'ao, yaani mwanga wa jua ukigonga maji unaruka ukiwa umepangika kwa njia fulani, sisi hatuoni hiyo tofauti lakini yeye anaiona vizuri kabisa. Sasa rangi nyeusi ama nyekundu iliyopigwa waksi inarudisha mwanga vilevile, kwa hivyo kwake hiyo boneti ni bwawa. Gari nyeupe haimdanganyi sana.

Kuuma wasahau, hana mwiba, labda umkamate mkubwa akufinye kidole na taya. Cha kuogopa ni rangi ya gari! Watafiti wa Brazil walionyesha kwamba mayai yakiiva kwa bati la moto yanatoa asidi inayokula ile vanishi ya juu. Yafute mapema na kitambaa chenye maji (na uongeze bei kidogo, hiyo ni huduma).

Mvua nayo ni nusu ukweli. Kuna aina moja ya manjano-manjano, wanasayansi wanaiita Pantala flavescens, inataga kwa vidimbwi vya mvua na watoto wanakua haraka, wiki kama sita hivi, kabla dimbwi halijakauka. Kwa hivyo inabidi wafuate mvua popote iendapo. Mwaka wa 2009 Charles Anderson, mtaalamu aliyeishi Maldives, aliandika kwamba hao wanaopita visiwani kuanzia Oktoba wanatoka India na wanabebwa na upepo kuvuka bahari mpaka huku Afrika Mashariki, wakati wa mvua za vuli. Mdudu wa kutoshea kiganjani! Basi hawaleti mvua, wanaifuata.

Na usiwapige na kitambaa tafadhali. Mtoto wake anaishi ndani ya maji, anapumua kwa kutumia matako, si mzaha, mashavu ya kupumulia yako huko ndani, na akishtuka anafyatua maji kwa nyuma anachomoka kama roketi. Mdomo wa chini anaurusha mbele kunasa viluwiluwi vya mbu, akikua anawinda mbu wenyewe hewani. Mtu anayelala karibu na mafunjo ya Dunga, hapo Kisumu kando ya ziwa, anajua maana ya hiyo. Wajapani nao walimheshimu, samurai walimweka kwa kofia za vita wakisema yeye harudi nyuma, ingawa ukweli ni kwamba anaweza kuruka kinyumenyume akitaka.

SWALI: Kuna mwembamba, mabawa anayakunja mgongoni, nimemwona kwa mto msitu wa Kakamega. Ni mtoto wa kereng'ende?
– Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana, huyo ni mkubwa tayari, ni binamu yake tu. Kereng'ende mwenyewe akitua anaacha mabawa yametandazwa, na macho yake makubwa mara nyingi yanagusana, ya huyo mwembamba yamekaa mbalimbali. Mwenye mabawa hakui tena, kwa hivyo hatageuka kuwa yule mwingine hata ungoje.