Taka za jikoni zisiende Dandora

SWALI: Tuko nyumba 24 kwenye ploti moja hapa Umoja, Nairobi. Kila mlango una ndoo mbili, ya taka za jikoni na ya taka kavu, lakini lori likija vijana wanamwaga zote pamoja. Sheria inasemaje? Na tukitaka kutengeneza mboji wenyewe, tuanzie wapi? – Msomaji, Umoja

JIBU: Sheria iko upande wenu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale pale zinapotoka, na wabebaji wazichukue zikiwa zimetengwa. Kaunti nazo zimepewa jukumu la kuweka vituo vya kuchambulia taka.

Msigombane na vijana. Lori lenye bodi moja linaloelekea jaa moja halina pa kutenganishia. Kaeni na mwenye lori, mwandike kwenye mkataba siku tofauti za taka kavu na za jikoni. Mkitengeneza mboji, yeye abebe kavu tu, na bei ishuke kulingana na mzigo.

Taka za jikoni ndizo nzito, na ndizo zinazoharibu nyingine: katoni iliyolowa majani ya chai na mabaki ya parachichi hainunuliwi na mtu. Zikifukiwa jaani hutoa gesi ya methani na maji meusi yanayolegeza lundo. Jaa la Dandora, zinakoishia taka za Nairobi, lilitangazwa kujaa tangu 2001, na bado linapokea. Kiteezi, Kampala, jaa liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30. Kila ndoo ya maganda inayobaki kwenye ploti ina maana.

Sasa mboji. Nyumba ya watu wanne hutoa kilo moja hivi ya taka za jikoni kwa siku. Pimeni wenyewe wiki nzima kabla ya kujenga chochote. Kwa nyumba 24 ni kama kilo 170 kwa wiki, na zikichanganywa na makavu zinajaza biwi la mita moja kila upande. Hapa ndipo wengi hukwama: wanajenga kizimba kimoja, kinajaa wiki ya kwanza. Tengeni nafasi ya vizimba 8 vya mbao chakavu zenye mianya. Mabiwi yakishapungua, unganisheni mawili yawe moja.

Kwa kila ndoo ya maganda ya ndizi au mashina ya sukuma wiki, wekeni ndoo mbili hadi tatu za majani makavu, maranda au katoni iliyochanwa. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa yasiingie kabisa. Nyama, mifupa na mafuta pia hapana, vinaita panya.

Chukueni konzi moja kutoka kwenye biwi mkamue: litoke tone moja au mawili. Biwi likichuruzika na kunuka kama yai viza, hewa imekosekana. Pindueni, ongezeni makavu. Likiwa kavu na limejaa siafu, nyunyizieni maji. Ingizeni chuma katikati kwa dakika kumi. Kikitoka cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, biwi linafanya kazi. Pindueni kila wiki, upande wa nje uingie ndani, maana joto la nyuzi 55 na zaidi ndilo linaloua mbegu za magugu.

Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa nyeusi na yenye harufu ya udongo wa mvua. Isipopata moto tena baada ya kupinduliwa, ichujeni kwa wavu, na vipande vikubwa virudi kwenye biwi jipya.